UZI: Nani kasema mzungu hana kwao? Njooni Wales na England muone watu wanavyopenda vijiji vyao

Mlezi wa Wazee (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu, heshima kwa wakubwa wote humu.

Kuna mada ilipita juzi watu wakawa wanasema mzungu hana kwao, eti akishafika miaka 18 anabeba begi anaondoka na alikozaliwa hapamhusu tena. Mimi naishi Gwynedd, kaskazini magharibi mwa Wales, kazi yangu ni kulea wazee, na kabla ya kuhamia huku nilikaa England miaka kadhaa, kwa hiyo hilo nalikataa kwa nguvu zote. Hawa watu wanapenda kwao sana tu, shida ni kwamba sisi tunatafuta mtu aliyejenga kijijini na atakayezikwa kijijini, tusipoona hivyo tunasema basi hawana. Wana njia zao. Na kilichonishangaza zaidi ni kwamba njia ya anayeongea Kiwelisi na ya anayeongea Kiingereza hazifanani hata kama wanapakana ukuta. Wa Kiwelisi anapataja kwao kila saa, kwa jina, na ukiligusa lile jina umemgusa yeye. Mwingereza hapataji, anapatumia, anatembea pale na mbwa wake, anakunywa bia pale, anashangilia timu ya pale, na utajua anapapenda siku mtu akitaka kupaondoa.

Halafu nikisema Mwingereza humu namaanisha wa England, maana kwa Kiswahili tunawaweka wote kapu moja na Mwelisi ukimwita Mwingereza mazungumzo yameishia hapo.

Nianze na huku kwangu. Sensa ya 2021 ilihesabu watu kama 538,000 Wales nzima wanaojua Kiwelisi, asilimia 17.8, lakini Gwynedd ni zaidi ya asilimia 64, yaani dukani, kwenye basi, kwa daktari, kote unasikia Kiwelisi. Mzee wa huku akikutana na mtu mgeni anayeongea lugha yake haanzi na unafanya kazi gani, anauliza wewe ni mmoja wa wapi, ndivyo wanavyouliza kabisa, mmoja wa wapi, kwamba kuna watu wa pale na wewe umo kati yao. Ukishajibu inaanza safari, ahaa wa kule, basi utakuwa unamjua fulani aliyemuoa dada yake fulani wa shamba la juu karibu na kapela, yaani kanisa lao dogo, na hawatulii mpaka wapate mtu mmoja wanayemjua wote wawili.

Majina ya ukoo huku ni machache, Jones, Williams, Roberts, Evans, Hughes, kila ukigeuka unakuta hao hao. Kwa hiyo watu wanaitwa kwa jina la kwanza na jina la shamba au nyumba, fulani wa Tŷ Mawr, fulani wa Pen-y-bryn, na hilo jina la shamba haliondoki hata kama mtu alihama akiwa kijana, alikwenda mjini akafanya kazi ya benki maisha yake yote, akirudi kwenye msiba wa kwao bado ni wa Pen-y-bryn. Hata washairi wao ni hivyo hivyo. Mshairi mkubwa sana wa karne iliyopita, D. J. Jones aliyezaliwa Pontardawe 1899, alijiita Gwenallt, na hilo jina alilipata kwa kukipindua kijiji cha Alltwen, Allt-wen akakifanya Gwen-allt. Mtu anachukua kijiji anakivaa kuwa jina lake mpaka anaingia kaburini, na taifa zima linamjua kwa hilo.

Sasa kuna bibi mmoja niliyekuwa namhudumia, simtaji wala sisemi ni wapi. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemchukua sana, Kiingereza kilikuwa kimeshatoka chote, watoto wake wakija siku nyingine anawajua siku nyingine hapana. Lakini alikuwa ukimkalisha dirishani asubuhi anaanza kuyataja mashamba ya kwao. Siyo shamba moja, kila kipande kilichozungushiwa ukuta wa mawe kina jina lake, kuna la chini ya nyumba, kuna la kisima, kuna la mbali, kuna la mawe, Cae Tan Tŷ, Cae'r Ffynnon, Cae Pella, anakwenda nayo kwa mpangilio ule ule kama anatembea, na akifika kwenye lango anainua mkono analifungua kweli, anapita, analirudishia, maana mtoto wa mfugaji haachi lango wazi kondoo watatoka. Mimi nilikuwa nimejifunza Kiwelisi kidogo cha kazini, nikawa namuuliza na baada ya hapo ni lipi, ananijibu bila kusita. Ndugu zangu, nani atanishawishi kwamba yule hana kwao?

Nitaendelea na habari ya lile bonde lililozamishwa, hiyo inataka post yake peke yake. Karibuni mchangie.

---

Kisiki Kibichi

Mkuu uzi mzuri sana, naweka kiti hapa hapa. Swali la haraka, kwa hiyo hao wa Wales wasioongea Kiwelisi wao inakuwaje, hawana hiyo mapenzi? Maana asilimia 17 ni wachache.

---

Mlezi wa Wazee

Hapana mkuu Kisiki na nashukuru umeuliza mapema kabla watu hawajanielewa vibaya. Wawelisi wengi lugha yao ni Kiingereza na ni Wawelisi kamili, nenda mabonde ya kusini, Rhondda, Cynon, Merthyr, kule kulikuwa na makaa ya mawe, watu walimiminika kutoka kila kona na Kiingereza kikachukua nafasi. Mapenzi yao yako kwa watu waliofanya kazi pamoja chini ya ardhi, kwaya, klabu ya raga, ukumbi uliojengwa kwa makato ya mishahara ya wachimbaji wenyewe.

Mfano ninaoupenda ni mgodi wa Tower karibu na Hirwaun. Serikali iliufunga 1994 ikasema haulipi. Wachimbaji 239 kila mmoja akatoa pauni 8,000 kwenye kiinua mgongo chake wakaununua wenyewe, wakaingia tena Januari 1995 wakiandamana mpaka langoni, na wakauendesha mpaka makaa yalipoisha 2008. Mtu ana pauni 8,000 mkononi anaweza kuhama akaanze maisha Cardiff au Bristol, yeye anazirudisha kwenye shimo lile lile ili kijiji kibaki na kazi, watoto wasiondoke. Hapo hakuna shairi wala jina la shamba ila mapenzi ya mahali ni yale yale.

---

Mama Leeds

Hodi humu jamani. Mimi ni Mkenya nakaa Leeds na nimesoma hiyo ya Mwingereza hapataji kwao nikasema hapa lazima niandike, kwa sababu ndugu yangu hujakaa Yorkshire. Watu wa huku watakwambia wao ni wa Yorkshire hata kabla hawajakwambia jina, wanaiita kaunti ya Mungu mwenyewe na wanamaanisha. Kila tarehe 1 Agosti wana siku yao, ilianza 1975 baada ya serikali kupangua mipaka 1974 na kuzifuta zile sehemu 3 za zamani za Yorkshire, watu wakakasirika sana wakasema nyinyi badilisheni karatasi zenu huko ofisini sisi tulipo ni Yorkshire. Mpaka leo wazee huku hawayatambui yale majina mapya ya 1974 kabisa.

Na kriketi sasa. Klabu ya Yorkshire kwa miaka na miaka ilikuwa haichukui mchezaji ambaye hakuzaliwa ndani ya Yorkshire, haijalishi ni mzuri kiasi gani. Inasimuliwa wanaume walikuwa wanawakimbiza wake zao wajawazito warudi upande wa huku wa mpaka ili mtoto akiwa wa kiume asije akanyimwa nafasi. Walikuja kuachia 1992, na mchezaji wa kwanza wa ng'ambo kuichezea ni Sachin Tendulkar wa India akiwa bado kijana mdogo. Kwa hiyo Yorkshire wanapataja kwao, na kwa sauti.

---

Mlezi wa Wazee

Mama Leeds karibu sana mama, na nakubali, Yorkshire ni wapiga kelele wa England, hata Waingereza wenyewe wanasema. Na Rutland pia nayo, kale kakaunti kadogo kuliko zote za kale, kalifutwa 1974 kakamezwa na Leicestershire, watu hawakunyamaza mpaka kakarudishwa 1997. Lakini angalia mama, kelele zote hizo zilikuja baada ya kuguswa. Kabla ya 1974 hakukuwa na siku ya Yorkshire. Na ukikaa na mtu mmoja mmoja nje ya hayo ya kaunti, ukamuuliza kijiji chako vipi, atakujibu si pabaya, panafaa. Amezaliwa pale, babu yake kazikwa pale, anafua na kuanika pale miaka sitini, na anakwambia si pabaya. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba mtu wa hivyo akisema si pabaya ameshasema jambo kubwa.

---

Mama Leeds

Hapo umenena. Na mimi niongeze hivi viti vya mbao vya kukaa nje, si mmeviona? Vina kibao kidogo cha shaba kimepigiliwa kwenye egemeo. Karibu na kwangu kuna kilima, juu kuna kiti, kibao kinasema jina la mume na mke, miaka yao, na kwamba walipapenda hapa mahali. Basi. Hakuna kingine. Kuna binti yao anapanda pale na kitambaa na chupa ya maji anakifuta kile kibao mpaka kinang'aa halafu anakaa kidogo anashuka, sijawahi kumsikia akiongea lolote kuhusu mapenzi ya hapo kwao, ni good morning na hali ya hewa tu. Lakini wazazi wake amewaweka pale juu wanaangalia bonde lao. Hivi viti viko England nzima, ufukweni, bustanini, milimani, ukianza kuvisoma utalia.

---

Mwalimu wa Jiografia

Naomba niingie na mimi nipo Mwanza ila nilisoma huko kitambo. Kwenye kutembea wako vizuri sana na watu wengi hawajui kwamba ile haki waliipigania. England na Wales zina njia za miguu za umma kama maili 140,000, zinakatiza katikati ya mashamba ya watu, mwenye shamba haruhusiwi kuziba. Lakini milima mikubwa ilikuwa imefungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege. Aprili 1932 vijana wengi wao wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester na Sheffield walipanda Kinder Scout kwa makusudi, wakapambana na walinzi, 5 wakafungwa jela. Vijana wa viwanda, wiki nzima wanavuta moshi, Jumapili wanataka mlima wao. Sheria ya hifadhi za taifa ikaja 1949 na hifadhi ya kwanza 1951 ikawa hiyo hiyo Peak District.

Halafu kuna ile mila ya kuzunguka mipaka ya parokia, siku ya Kupaa kwa Bwana. Kasisi anakwenda na watu wazima na watoto, wana fimbo, wakifika kwenye jiwe la mpaka wanalichapa. Zamani mtoto mwenyewe ndiye alikuwa anagongeshwa kwenye jiwe au kuchapwa ili akiwa mzee akumbuke mpaka uko wapi, maana ramani hazikuwepo. Oxford bado wanafanya na kwa sababu mji umejengwa juu ya mipaka ya kale wanaingia mpaka ndani ya duka la Marks & Spencer kulichapa jiwe, wateja wananunua nguo na waumini wako hapo na fimbo zao. Mila ya karne nyingi na bado inaheshimiwa.

---

Damu ya Anfield

Mlezi wa Wazee hiyo ya bonde kuzamishwa leta basi, umetuacha hewani.

---

Mlezi wa Wazee

Nakuja mkuu, na jina lako hilo uniwie radhi mapema kwa sababu Liverpool inahusika.

Kulikuwa na bonde linaitwa Cwm Tryweryn, karibu na mji wa Bala, na ndani yake kijiji Capel Celyn. Kijiji kidogo, kapela na makaburi yake, shule, posta, nyumba na mashamba 12, na wote wanaongea Kiwelisi, wengine hawakihitaji Kiingereza kabisa kwa maisha yao ya kila siku. Miaka ya 50 halmashauri ya jiji la Liverpool ikaamua inahitaji maji zaidi kwa watu wake na viwanda vyake, ikapeleka muswada moja kwa moja bungeni London, haikupitia kwa halmashauri yoyote ya Wales. Sheria ikapita 1957. Hakuna hata mbunge mmoja wa Wales aliyepiga kura ya ndiyo, na bado ikapita, kwa sababu wabunge wa England ni wengi. Hapo ndipo Wawelisi wengi walipoelewa kwamba hata wakisimama wote pamoja haitoshi.

Mwaka 1956 wanakijiji karibu wote walikuwa wamekwenda Liverpool, wazee kwa watoto, wakaandamana barabarani na mabango. Haikusaidia. Watu 48 katika wale 67 waliokuwa wanaishi bondeni wakapoteza makazi. Familia za waliozikwa pale zikaulizwa kama wanataka kuhamisha miili, 8 ikahamishwa, waliobaki makaburi yao yakafunikwa kwa zege na maji yakaja juu. 1963 vijana wakalipua transfoma ya umeme pale kwenye ujenzi, baadhi yao wakafungwa. Oktoba 1965 bwawa likazinduliwa, jina lake Llyn Celyn, wakubwa wa Liverpool walikuja kufanya sherehe, waandamanaji wakawazomea mpaka hotuba hazikusikika, sherehe ikaisha kwa dakika chache. Mwaka uliofuata Gwynfor Evans aliyekuwa mstari wa mbele kulitetea lile bonde akawa mbunge wa kwanza wa chama cha kizalendo cha Wales, Plaid Cymru. Liverpool waliomba radhi rasmi 2005.

Sasa unaweza kusema mabwawa yamejengwa kila mahali duniani na watu wamehamishwa kila mahali, England yenyewe pia kuna vijiji viko chini ya maji, Derwent na Ashopton kule Derbyshire vilizamishwa miaka ya 40. Hiyo ni kweli, na watu wa pale waliumia. Lakini angalia kilichofuata. Derbyshire watalii wanakwenda kupiga picha maji yakipungua. Huku Tryweryn imegeuka kuwa kiapo. Kuna ukuta wa mawe uliobaki wa nyumba ya zamani kando ya barabara ya A487 karibu na Llanrhystud, mwanzoni mwa miaka ya 60 kijana mmoja, Meic Stephens aliyekuja kuwa mwandishi mkubwa, alipaka pale kwa rangi maneno mawili ambayo leo yanasomeka Cofiwch Dryweryn, kumbukeni Tryweryn. Yakifutika watu wanayapaka upya. Mwaka 2019 mtu akaja akaandika mambo mengine juu yake, miezi michache baadaye sehemu ya ukuta ikabomolewa. Kesho yake tu vijana walikuwa wameshaujenga tena, halafu ndani ya wiki chache yale maneno mawili yakawa yamepakwa Wales nzima, kwenye maghala ya mashamba, madaraja, kuta za maduka, fulana, stika za magari. Watoto ambao bibi zao hawakuzaliwa bado bwawa linajengwa, hapana nimezidisha, lakini watoto wa shule wanajua. Kwa nini? Kwa sababu lile bonde halikuwa udongo na nyumba tu, ilikuwa sehemu ambayo lugha inaishi kwa saa 24, na sehemu za hivyo zinahesabika. Ukiua kijiji cha Kiingereza, Kiingereza hakikosi kijiji kingine. Ukiua Capel Celyn umekata kipande cha lugha yenyewe. Ndio maana mapenzi ya mahali kwa anayeongea Kiwelisi yana hofu ndani yake, na Mwingereza hana hofu hiyo, hajawahi kuihitaji.

---

Damu ya Anfield

Mkuu nimesoma nimekaa kimya. Mimi naipenda Liverpool tangu niko darasa la nne na hii sikuwahi kuisikia. Kwa hiyo huko wanaichukia timu?

---

Mlezi wa Wazee

Hapana kaka, tena kaskazini mwa Wales mashabiki wa Liverpool na Everton ni wengi kupindukia, timu haikuwa na kosa lolote, ile ilikuwa halmashauri. Na uhusiano ni wa zamani mno, Wawelisi walihamia Liverpool kwa maelfu kutafuta kazi, mafundi ujenzi wa Kiwelisi wamejenga mitaa mizima pale, makapela yalikuwa kibao, na tamasha lao kuu la taifa, Eisteddfod, lilifanyika Liverpool 1884, 1900 na 1929. Ndio maana iliuma zaidi, wangefanyiwa na mtu wa mbali wasingesikia uchungu huo.

Na hiyo Eisteddfod ni jambo lingine la kuliona. Kila wiki ya kwanza ya Agosti, mwaka mmoja kaskazini, unaofuata kusini, haina makao, inahama. Pontypridd 2024, Wrexham 2025. Wanaopokea wanachangishana kwa muda mrefu kabla, vijiji vinapewa kiwango cha kukusanya, watu wanauza keki, wanatembea, wanaimba, barabara zinapambwa bendera. Zawadi kubwa ni kiti cha mshairi, kinachongwa upya kila mwaka, mara nyingi kwa mbao au kwa michoro ya eneo lile lile linalopokea. Kila wilaya inapata zamu ya kutajwa mbele ya taifa.

---

Kisiki Kibichi

Na kuhusu majina, nilisoma kwamba wamebadilisha jina la mlima Snowdon?

---

Mlezi wa Wazee

Hawajabadilisha mkuu, wamerudisha la kwao. Novemba 2022 mamlaka ya hifadhi ilipitisha itumie Yr Wyddfa kwa mlima na Eryri kwa hifadhi nzima, na Aprili 2023 Brecon Beacons nao wakaenda Bannau Brycheiniog. Majina hayo yapo tangu zamani sana, wenyeji ndiyo waliyokuwa wanatumia siku zote. Na nyumba pia, mtu anatoka mbali ananunua nyumba yenye jina la Kiwelisi la miaka mia mbili analing'oa anaweka la Kiingereza la maua au ndege, jirani hatasema kitu usoni ila ameumia, kwa sababu kama nilivyoeleza pale juu jina la nyumba ndilo jina la watu. Wales imetunga sheria 2016 ya kuweka orodha ya majina ya kihistoria, yako zaidi ya 300,000 humo, mashamba, nyumba, vijito. Lakini orodha haimzuii mtu kubadilisha.

Halafu nyumba zenyewe hazishikiki bei. Vijiji vya pwani nyumba nyingi ni za likizo, msimu wa baridi taa hazijawaka, shule inafungwa, vijana waliozaliwa pale wanapanga vyumba mji mwingine. Gwynedd tangu 2023 wanatoza kodi ya halmashauri nyongeza ya asilimia 150 kwa nyumba ya pili. Kauli yao iko kwenye mabango, Nid yw Cymru ar werth, Wales haiuzwi. Mimi hili nimeliona kwa macho, wafanyakazi wenzangu vijana wa hapa hapa wanaamka saa kumi na moja kuja kazini kwenye kijiji walichozaliwa kwa sababu hawawezi kulala humo.

Na jambo moja nisilisahau, magazeti ya mtaa, papurau bro wanayaita. La kwanza lilitoka Cardiff 1973, sasa hivi yako zaidi ya 50, ya Kiwelisi tupu, kila moja ni la bonde lake au vijiji vyake vichache. Hakuna habari za London humo wala za dunia. Ni nani kafaulu mtihani, nani katimiza miaka 90, nani kafiwa, kondoo wa nani kashinda kwenye maonyesho. Mengi watu wanayafanya kwa kujitolea, na kuna usiku wa kukunja, yanakuja karatasi kutoka kiwanda cha chapa watu wanakutana ukumbini kuyakunja na kuyapanga. Niliwahi kwenda. Meza ndefu, wazee upande huu, vijana wa shule upande ule, kila mtu ana kurasa zake, birika la chai linazunguka, na kila anayekunja anasoma kwa sauti anachokiona, basi habari za bonde zima zinasomwa pale kabla gazeti halijatoka. Mikono yangu ilikuwa myeusi kwa wino nilipotoka.

---

Damu ya Anfield

Sasa na mimi nichangie upande wa Waingereza kwa mpira, maana hapo mmewasahau. Wimbledon. Wenye umri wanakumbuka walitufunga sisi Liverpool 1-0 fainali ya FA 1988. Basi 2002 wenye timu wakaruhusiwa kuihamisha wakaipeleka Milton Keynes, mji mwingine kabisa, kama kilomita 90. Mashabiki wakasema timu ni ya Wimbledon, ikiondoka Wimbledon siyo sisi. Wakaanzisha AFC Wimbledon mwezi ule ule, wakaita majaribio ya wachezaji kwenye uwanja wa wazi wa Wimbledon Common, mwenye viatu aje, wakaanzia daraja la 9. 2011 wamerudi ligi ya kulipwa. Novemba 2020 wamerudi Plough Lane, barabara ile ile ya uwanja wao wa zamani, uwanja mpya na timu ni mali ya mashabiki. Miaka 18 ya kupanda. Sasa huyo Mwingereza anayekwambia kwao si pabaya, muangalie hapo.

---

Mlezi wa Wazee

Kaka umepiga msumari kwenyewe, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Mwingereza mapenzi yake ameyapeleka kwenye vitu vya pamoja, timu, baa ya mtaa, njia ya miguu, mti. Baa wanazinunua kwa kuchangishana zisifungwe, tangu sheria ya 2011 jamii inaweza kuiorodhesha baa yao na ikitaka kuuzwa wanapewa muda watafute pesa. Na mti, mnaukumbuka ule wa Sycamore Gap, Northumberland, pembeni ya ukuta wa Hadrian, ule wa kale wa Warumi? Usiku mmoja Septemba 2023 watu wawili waliukata kwa msumeno. Waliotupa majivu ya wazazi wao pale, waliochumbiana pale, walikuja kusimama tu wanaangalia kisiki, watu wazima wanalia hadharani, Waingereza hao hao. Wale wawili walifungwa 2025, miaka 4 na miezi 3 kila mmoja.

---

Nesi Mtarajiwa

Samahani wakuu, mimi nakuja Wales mwezi ujao kwa kazi, Llandudno, nimesoma uzi wote nimeogopa kidogo. Nikifika nifanye nini wasinione nimekuja kuwaharibia?

---

Mlezi wa Wazee

Usiogope dada, karibu sana, huku wanapokea mgeni vizuri mno akionyesha tu kwamba anajua yuko wapi. Anza na kutamka majina, na sisi Waswahili tuna bahati. Herufi zao dd ni dh yetu ya dhahabu, th ni ya thamani, ch ni kh ya Khamis, hizo Waingereza wengine zinawatoa jasho wewe unazo tayari. F moja inatamkwa v, ff mbili ndiyo f, w ikiwa irabu ni u. Kwa hiyo Yr Wyddfa sema ur widhva. Kigumu ni ll, weka ulimi kama unataka kusema l halafu pumulia pembeni bila kutoa sauti, jaribu hivyo nyumbani mara nyingi. Na unapokwenda, ile u ya kwao inatoka kama i, kwa hiyo siyo Landudno kama ilivyoandikwa, ni Llan-did-no, na mkazo uweke kwenye did.